Ngumi Isiyogusa

Mnyororo mpya wa baiskeli una harufu yake. Ni grisi, chuma na ile karatasi ya kahawia ulimofungiwa, na mimi nikiinusa tu narudi kuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, miguu mitupu juu ya saruji baridi ya Kitale. Juzi nilikuwa nyuma ya nyumba nikifunga mnyororo kama huo, vidole vyeusi mpaka kwenye kucha, kijana wa shemeji yangu akaja na simu yake. Kijana huyu anasoma chuo, kwa hiyo hakuna asichokijua.

"Auntie, cheki hii," akasema, akachuchumaa kando yangu.

Kwenye simu kulikuwa na mtu wa karate, nguo nyeupe zimepigwa pasi, mkanda mweusi kiunoni, amesimama vizuri kabisa. Mbele yake kulikuwa na jamaa wa mtaani aliyevaa kaptula. Haikufika hata nusu dakika. Wa kaptula alimrukia, akamwangusha, akamkalia kifuani na kumtwanga mpaka watu wakaja kumtoa.

"Si unaona?" kijana akasema, anacheka. "Hiyo karate yenu ni ya show tu, bana. Vita ya ukweli haiwezi."

Nilikasirika, nakiri. Hata mkono uliteleza nikajikwaruza na jino la gia. Alichosema hakikuwa uongo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alisema nusu ya jambo, kwa kujiamini kwa mtu ambaye hajawahi kupigwa kofi na mtu asiyekuwa mama yake, na nusu hiyo mimi naijua kumpita kwa sababu ilinipasua mdomo. Nikamwambia aende jikoni akale. Hii nusu nyingine naiandika kwa ajili ya wenzangu wa rika langu, ambao wanakumbuka jinsi utoto ulivyokuwa na vita vingi na waamuzi wachache.

Mama yangu alikuwa akifua nguo na kupiga deki nyumbani kwa Bwana Harjit, Kalasinga aliyekuwa na duka la vipuri mjini Kitale: majembe ya trekta, boliti, minyororo, misumari ya kupima kwa kilo. Nyuma ya duka kulikuwa na ghala. Bwana Harjit alijifunza karate ujanani na akabaki na mkanda mweusi uliochakaa mpaka ukawa kijivu, akaamua kwamba binti yake Simran ataijua pia. Shida ni kwamba Simran hakuwa na mwenzake. Wasichana wa hekaluni kwao walikatazwa na mama zao, waliosema mguu wa msichana haukuumbwa kupanda juu hivyo. Jumamosi moja Bwana Harjit akanikuta nimeketi juu ya gunia nikimngoja mama.

"Wewe," akasema. "Simama. Vua viatu."

Sikuwa na viatu, kwa hiyo nikasimama tu.

Nilisimama pale kila Jumamosi kwa miaka miwili. Mama alinishonea suruali na koti kwa kitambaa cha magunia ya unga wa ngano, na ingawa alikichemsha mara tatu, uzito wa unga ulibaki ukisomeka mgongoni. Simran alikuwa na nguo za dukani. Hakunicheka hata mara moja, ila aliniita Kilo, nami nikalipenda jina hilo.

Bwana Harjit alihesabu mapigo kwa sauti: "Ik! Do! Tin! Char! Panj!" Nami nilihesabu naye kwa nguvu zangu zote, nikijua kwa hakika kwamba hicho ni Kijapani. Nilikuwa mtu mzima, nimekaa kwenye harusi ya Wahindi mjini Bungoma, niliposikia bibi mmoja akihesabu sahani za chakula kwa Kijapani changu. Nilicheka mpaka nikatoka nje. Kumbe miaka yote ile nilikuwa nikipigana kwa Kipunjabi.

Sheria za ghala zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kuinamiana. Kabla ya chochote unakusanya miguu, mikono pembeni, unainama, mwenzako naye anainama, ndipo mnaanza. Bwana Harjit alikuwa mkali kwa hilo kuliko kwa jambo lolote. Ukisahau kuinama, anakurudisha mlangoni. Kichwa changu cha mtoto kikaelewa kwamba vita ni kama mtihani: hakuna anayeanza kabla ya kengele.

Sheria ya pili ilikuwa kutogusa. Alining'iniza karatasi ya gazeti kwa uzi kutoka kwenye boriti, nasi tuliipigia ngumi zikaishia upana wa kidole kutoka kwenye karatasi. Ikitikisika kwa upepo wa ngumi, vizuri. Ikiguswa, unaanza upya. "Kugusa hapana," alisema. "Mtu hodari, ngumi yake inasimama yenyewe." Tulipokuwa tayari, karatasi ikatolewa na pua zetu zikachukua nafasi yake. Simran alinirushia ngumi mamia kwa mamia, nami nikasimama bila kupepesa macho, na kila moja ikaishia pale pale, karibu kiasi cha mimi kunusa sabuni kwenye vidole vyake. Nami nikamfanyia vivyo hivyo. Sikumgusa hata mara moja katika miaka miwili, na nilijivunia hilo kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho.

Baba alifanya kazi kwenye shamba kubwa la mahindi upande wa Moi's Bridge, akawa anakuja nyumbani mwisho wa wiki. Wiki yetu ilikuwa na siku tano. Juu ya hizo mbili zilizobaki sitaandika mengi. Walioishi hivyo wanazijua, na ambao hawakuishi hivyo washukuru. Jumatatu moja, baba alipokuwa amerudi shambani, mama alifunga vitu vyetu kwenye shuka mbili. Karai lake kubwa la kukaangia halikuingia popote, akaliacha kwa jirani. Jioni hiyo tulikuwa Bungoma, upande wa Kibabii, nyumbani kwa kaka yake, ambaye mimi nilimwita khocha, yaani mjomba.

Wasiojua mambo ya kwetu watashangaa kwa nini mtu awe mgeni nyumbani alikozaliwa. Lakini mwanamke aliyetoka kwenye ndoa ndivyo alivyo. Tulipewa chumba cha pembeni kilichokuwa cha kuwekea mahindi, na tuliamshwa na panya waliokuwa wakitafuta mahindi yao. Ng'ombe wa mahari ya mama walikuwa bado kwenye zizi la khocha, na nadhani kila alipotuona alikumbuka kwamba wanaweza kurudishwa walikotoka. Hakuwa mtu mbaya wa kupiga kelele. Kila jioni aliuliza tu, kwa upole, huku akichokonoa meno, "Dada yangu, mumeo bado hajatuma mtu?" Alitaka turudi.

Mama hakumjibu. Alianza kukaanga mandazi kwa sufuria ya kuazima na kuwauzia wanafunzi wa chuo asubuhi wakienda darasani. Kwa kazi hiyo alihitaji mitungi miwili ya maji kabla jua halijachomoza, na kuchota ilikuwa kazi yangu. Nilijua maana yake ingawa hakuna aliyenikalisha chini kunieleza. Tukiwa na maji, kuna mandazi. Tukiwa na mandazi, tunaweza kukaa. Tukikosa, tutarudi Kitale kwa baba.

Pampu ya mkono ilikuwa kwenye mpaka wa shamba la khocha, na majirani wote walichota hapo. Watu walipanga mitungi, mstari ukasogea, hakuna aliyegombana. Lakini palikuwa na Wekesa, mtoto wa kwanza wa khocha, mwenye miaka kumi na minne. Alikuwa ametahiriwa Agosti iliyopita na bado alitembea kwa maringo ya mtu aliyesimama imara mbele ya kisu huku ukoo mzima ukimtazama. Sasa alikuwa mwanaume. Wasichana walimpisha njiani. Na kila nilipokaribia bomba, Wekesa alikuja, akauinua mtungi wangu kwenye mstari, na kama ulikuwa na maji akayamwaga, kisha akaupeleka mwisho.

"Wenye boma kwanza," alisema. "Nyinyi watu wa Kitale mtangojea."

Mara mbili mandazi yalichelewa. Mara ya tatu wanafunzi walikuwa wamekwisha kupita, na mama alirudi na beseni lake limejaa. Tulikula mandazi mchana na jioni, na khocha akachokonoa meno akauliza kuhusu mumewe.

Hapo ndipo nilipoanza kujigamba shuleni. Niliwaambia wasichana wa darasa langu kwamba najua karate, nikawahesabia kwa Kijapani, nikawaonyesha teke. Msichana wa jirani aitwaye Nelima, ambaye angeweza kueneza habari kuliko redio, alihakikisha kwamba wote wanaochota maji wanajua. Asubuhi iliyofuata palikuwa na watu wengi kuliko mitungi.

"Leo tutaona kalate," Nelima akasema, akapanda juu ya jiwe ili aone vizuri.

Wekesa akaja akaushika mtungi wangu. Nikamwambia auweke chini. Akacheka, akaumwaga. Basi nikarudi hatua mbili, nikakusanya miguu, nikaweka mikono pembeni, nikamwinamia.

Kofi lilinikuta nikitazama vidole vyangu vya miguu. Naapa kwamba jambo la kwanza nililohisi halikuwa maumivu. Nilishangaa tu kwamba mtu anaweza kuanza kabla hajainama. Nikainuka, sikio linalia, na mwili ukafanya ulichofundishwa: mguu mbele, kiuno kikageuka, ngumi ya kulia ikatoka imenyooka. Ilikuwa ngumi nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Wekesa aliiona ikija, akafumba macho, akakunja uso akingoja.

Ngumi ikasimama upana wa kidole kutoka kwenye pua yake.

Tulikaa hivyo kwa muda. Wekesa alifumbua jicho moja. Akaitazama ngumi, akanitazama mimi, na nikaona anaelewa. Kisha akanipiga kwa starehe zake, bila haraka, na kila nilipojibu mkono wangu uliishia hewani kana kwamba umefungwa kamba. Watu walicheka. Na mimi ningecheka, kama mdomo haungekuwa umepasuka. Nelima alishuka kwenye jiwe akasema, "Hiyo ni kalate ama ni kwaya?" Mpaka leo, mwanamke mzima mwenye wajukuu, akinikuta sokoni huniinamia.

Siku hiyo hakukuwa na mandazi kabisa. Mama aliniosha uso kwa kitambaa na maji ya chumvi bila kusema neno. Niliuchukulia ukimya wake kuwa aibu, kwamba anaona haya kwa ajili yangu. Ukimya wa mama niliusoma vibaya kwa miaka yote ya utoto wangu.

Shule zilipofungwa mama alinituma Kitale kuchukua lile karai, nikae siku nne kwa jirani, katikati ya wiki, nirudi kabla ya Ijumaa. Sikwenda kwa jirani kwanza. Nilikwenda dukani moja kwa moja. Bwana Harjit alikuwa anampimia mtu misumari, na mimi sikungoja amalize.

"Mzee, ulinidanganya," nikasema mbele ya mteja.

Mtoto wa mfanyakazi, msichana, namwambia mwenye duka hivyo. Hata sasa nikikumbuka najipongeza. Bwana Harjit alimalizia kupima misumari, akapokea pesa, akamwita Simran ashike kaunta, akanipeleka ghalani. Nikamweleza yote: kuinama, kofi, ngumi iliyogoma. Simran alikuwa ameacha kaunta na kutufuata. Alianza kucheka pale kwenye kuinama, kisha akaona mdomo wangu, akaacha.

"Wewe unainamia adui?" Bwana Harjit akauliza.

"Si ulisema bila kuinama hakuna kuanza?"

Aliketi juu ya gunia, akavua miwani akaifuta kwa shati, akafuta tena.

"Nitakuambia kitu," akasema mwishowe. "Mimi sijapigana hata siku moja. Maisha yangu yote. Wezi walikuja hapa dukani, wawili, na panga moja. Nikawapa funguo. Wakaniambia lala chini, nikalala chini. Simran alikuwa mdogo, yeye hakumbuki. Mimi najua njia ya ngumi, hiyo najua sana. Vita yenyewe sijui. Hiyo sikukuambia. Ni makosa yangu."

Nilikuwa nimekuja na hasira ya kutosha siku nne, ikaniishia pale pale, kwa sababu sikuwa nimewahi kusikia mwanaume mzima akisema ni makosa yangu. Sikujua kwamba maneno hayo yanaweza kutoka kwenye midomo ya mtu mwenye ndevu. Kuna watu watasema alikuwa mwalimu bandia. Mimi nasema nimekutana na walimu wengi tangu wakati huo, na sijaona watano wanaoweza kukuambia mahali elimu yao inapoishia.

Akasimama, akakata uzi wa karatasi ya gazeti. Mahali pake akafunga gunia la pumba za mahindi, zito kama mtu.

"Sasa gusa," akasema.

Sikuweza. Mtaniona mjinga, lakini ngumi yangu ilisimama mbele ya gunia pia. Ilisimama mara kumi, mara ishirini. Simran ndiye aliyepata dawa: alikwenda nyuma ya gunia na kila nilipopiga alilisukuma linijie, mpaka likakutana na ngumi lenyewe. Sauti yake ilikuwa ndogo na nzito, nami nikaipenda. Kwa siku nne tulifanya hivyo tu. Ngozi ya vidole ilichubuka, ikakauka, ikachubuka tena. Alhamisi nilipanda gari la kurudi Bungoma na karai kichwani, mikono imefungwa vitambaa, na kondakta akaniuliza kama nimeungua na mafuta.

Asubuhi ya kwanza baada ya kurudi, mvua ilikuwa imenyesha na pampuni palikuwa tope tupu. Nilipanga mtungi wangu. Nelima alikuwepo, na wanawake kama wanne, na watoto. Mtungi ulijaa, na kabla sijaufunga kifuniko, Wekesa akaja.

"Karateka amerudi," akasema, akanyoosha mkono.

"Wekesa, mama anangoja hayo maji."

"Si angengojea kwa mumewe?"

Akaupiga mtungi teke. Niliona maji yakitoka, meupe juu ya tope, na sikuinama.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo kijana wa shemeji yangu na simu yake wanapopotea. Ningependa kusema yote niliyofundishwa yalikuja. Hayakuja. Nilijaribu teke, mguu wa chini ukateleza, nikaanguka kwa makalio. Ule mtindo mrefu wa hatua ishirini na ngapi tuliokaririshwa ghalani, ambao niliweza kuufanya usingizini, ulipotea kana kwamba sijawahi kuusikia. Wekesa alinishika sweta akanivuta juu, na hakuna siku ghalani tuliyofundishwa kuhusu sweta. Katika mambo mia niliyojifunza Kitale, mawili tu ndiyo yaliyofika Bungoma.

La kwanza lilikuwa macho. Wekesa alirusha ngumi usoni kwangu nami sikuyafumba. Mamia ya ngumi za Simran zilikuwa zimekwisha kunizoesha, na hii ilikuwa moja zaidi, yenye mkono mchafu. Kwa kuwa niliiona, niliikwepa kidogo, ikapita kwenye shavu badala ya kutua puani. La pili lilikuwa ile ngumi ya kulia, iliyonyooka, ya kwanza kufundishwa, inayomchosha kila mwanafunzi. Ilitoka kwa njia yake ya kila siku. Nikafika mahali inaposimama, nikaona inataka kusimama, nikaipitisha.

Wekesa aliketi kwenye tope. Damu ilitoka puani, akaishika kwa mikono miwili, akaitazama, na akalia. Kijana ambaye hakutikisika mbele ya kisu alilia kwa sauti mbele ya wasichana na mama zao. Sikumhurumia. Watu wengi wakisimulia mambo kama haya hufika hapa wakasema walijuta, kwamba ushindi ulikuwa mchungu. Wangu ulikuwa mtamu. Niliuokota mtungi, nikausuuza, nikaurudisha kwenye bomba, mbele ya wote, na hakuna aliyesema niende mwisho wa mstari. Nelima mwenyewe ndiye aliyenipampia. Mandazi yaliwawahi wanafunzi siku ile.

Saa kumi jioni khocha alituita uwanjani. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mke wake nyuma yake, Wekesa kando na pamba puani. Mimi na mama tulisimama. Khocha hakupandisha sauti.

"Msichana amepiga mwanaume aliyetahiriwa," akasema. "Hapa, kwa boma yangu. Watu wa Lugulu mpaka Kibabii watasikia. Sasa ni hivi. Huyu mtoto atapiga magoti, aombe Wekesa msamaha, halafu tumalize. Akikataa, kesho nawapeleka nyinyi wawili Kitale kwa mwenyewe."

Wekesa alitazama chini. Nadhani hata yeye hakulitaka jambo hilo.

Niliwaza juu ya siku mbili za wiki. Niliwaza kwamba magoti yangu ni madogo na ardhi iko karibu, na mama hatarudi kupigwa kwa sababu ya magoti. Nilitaka kupiga magoti, nawaambia ukweli. Nilikunja hata goti moja. Lakini nikamkumbuka Bwana Harjit juu ya gunia, jinsi alivyosema ni makosa yangu kwa sababu yalikuwa makosa yake, na nikajua maneno hayo sina.

"Siombi," nikasema.

"Umesema?"

"Nimesema siombi, khocha. Alimwaga maji ya mama. Hata akimwaga kesho, nitampiga tena."

Mke wa khocha alishika mdomo. Khocha akageuza kichwa polepole, akamtazama mama, kama mtu anayemtazama mwenye mbwa.

"Dada yangu, umesikia mtoto wako?"

"Nimesikia," mama akasema.

"Basi mwambie."

"Amekataa, Baba Wekesa. Na mimi nimekataa." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ile ya kuuliza kama chumvi imetosha. "Kitale sirudi. Kama mume wangu atadai, hao ng'ombe wapo kwa zizi. Warudi ng'ombe. Mimi sirudi."

Tulikwenda kwenye chumba chetu tukafunga shuka zetu mbili, na nikaona kwamba vitu vingi vilikuwa vimekwisha kufungwa. Mama alikuwa ameulizia chumba nyuma ya kinu cha kusagia mahindi, sokoni, wiki mbili nyuma, mdomo wangu ulipokuwa bado umevimba. Ukimya wake wote ule ulikuwa wa mtu anayepanga. Nasema hivi kwa wale wanaodhani kwamba ngumi yangu ilituokoa: tungeondoka hata hivyo. Ngumi ilitufanya tuondoke vichwa vikiwa juu, kabla jua halijazama, kwa njia kuu.

Tulipita pampuni, tukapita shule, mama mbele na karai kichwani, mimi nyuma na mitungi. Watu walitutazama. Tulipofika pale njia inapopinda kwenye miwa, mama alisimama, akateremsha karai, akaliweka kando ya barabara. Nilidhani amechoka.

"Nionyeshe," akasema.

"Nini, mama?"

"Vile ulimpiga."

Nikaweka mitungi chini nikamwonyesha: mguu mbele, kiuno, mkono. Mwendesha baiskeli aliyebeba makaa alipunguza mwendo kututazama, mama hakumjali. Aliweka mguu wake mbele kama wangu, akaikaza leso kiunoni, akakunja mkono, akaninyooshea.

Kidole gumba kilikuwa ndani, kimefunikwa na vingine vinne, jinsi watoto wachanga wanavyokunja. Nikakitazama. Mama yangu, aliyeishi miaka kumi na mbili na mkono wa mtu mwingine usoni kwake, hakuwa amewahi kukunja ngumi hata mara moja.

"Ikikaa hivyo utakivunja," nikamwambia. Nikaufungua mkono wake, kidole kimoja kimoja, nikaukunja upya na gumba likiwa nje, nikarudi nyuma nikanyoosha kiganja changu mbele yake. "Sasa gusa."